Bao Langu na Mashine ya Mashaka

Alhamisi, 5 Septemba 2013

Baraza langu tupu! Tangu alasiri nimekaa na bao la marehemu mume wangu, kete zimepangwa, hakuna mtu. Jafar hayupo. Latifo hayupo, na huyo hata siku ya kumzika shangazi yake alipita kucheza. Wote wako kwa Mashaka, yule wa Mtwara anayeuza betri na sabuni karibu na bandari. Ameweka bao ndani ya kompyuta. Bao ndani ya kioo! Kete za picha, hata hazilii zikigongana.

Mashine ile ya kwanza niliishinda kabla ya Ramadhani, nikaicheka mpaka kanga ikanidondoka. Sasa shemeji wa Mashaka, Dauto, anayewatafsiria watu wa gesi huko Palma, kaleta toleo jipya. Versão nova, anatangaza kwa Kireno, kama vile kazaliwa mtoto wa kiume. Eti la zamani liliona mbele kidogo tu, hili linaona mpaka mwisho wa mchezo, na tayari limemfunga kila mtu wa mtaa. Kila mtu! Na mimi ni nani, mbuzi?

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, maana shikola, shule ya serikali, sijaikanyaga. Kalamu imetoboa karatasi kwa hasira.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekwenda dukani. Nikaitukana mashine kama ninavyomtukana yeyote anayekaa mbele yangu: kwamba vidole vyake vimeoza, kwamba mama yake alicheza kwa kokoto za kuazima. Hapo Jafar huwa anatetemeka na kukosea. Mashine kimya. Haina hata adabu ya kukasirika! Watu wakacheka, na hawakuwa wakiicheka mashine.

Mashaka akasema kwa upole, Bibi Chamima pumzika, umri nao. Umri! Nikamwambia mbele ya wote: kesho. Nikifungwa, achukue bao langu alitundike dukani. Nikishinda, mashine izimwe kila alasiri, watu warudi barazani kwangu. Akakubali haraka mno, mjanja yule.

(Mkewe Nasrin ana homa. Nimempelekea uji wa mchele na nazi. Yeye hana kosa, ila kuolewa.)

 Lile bao mume wangu alilichonga kwa mkono wake. Kila shimo nalijua hata nikifumba macho. Nimesema nini mimi!

Lakini akili ninayo. Mjukuu wangu Zuleica analo toleo lilelile kwenye selulari. Dauto kampa, na najua kwa nini kampa. Basi mashine ipigane na mashine! Zuleica atakaa nyuma yangu, selulari ndani ya kanga. Akikohoa mara mbili, nicheze shimo la pili. Mara tano, la tano. Akasema, Bibi, wewe unajua bao kuliko simu, cheza tu. Nikamwambia anyamaze, afanye mazoezi ya kukohoa.

Jumamosi, 7 Septemba

Msiba.

Bao langu katikati, Dauto pembeni, kila ninachocheza anakihamishia kwenye kompyuta. Zuleica akakohoa mara tatu. Nikacheza shimo la tatu. Dauto akasema mashine inakataa, Bibi, hapo huli kitu na pengine pa kula papo. Inakataa kwa amri ya nani? Nikasogeza kwa kinyongo. Kikohozi tena, nikacheza tena, kete zangu zikaliwa tena. Zuleica anakohoa kama injini ya boti. Mama mmoja akamletea tangawizi. Mwingine akahama kiti.

Katikati nikachoshwa na vikohozi. Nikacheza kwa mkono wangu. Nyumba ya mashine, lile shimo lenye kete nyingi, nikaila yote! Kioo kikaganda, kinawaza. Watu wakasimama. Jafar akaliita jina langu kwa sauti, msaliti yule. Nikajiambia, usijivune wewe mwanamke, fuata mpango. Nikarudi kwenye kikohozi.

Nikamalizwa.

Mashaka alipolibeba bao nilitazama ukutani.

Jumapili, 8 Septemba

Barazani pamebaki alama pale bao lilipokaa. Sipafagii.

Nimemkabili Zuleica: selulari imehongwa! Akaapa alikohoa sawasawa, akaniuliza nilihesabu mashimo kuanzia wapi. Kuanzia kulia, wapi kwingine? Tunakula kwa kulia, tunaingia msikitini kwa mguu wa kulia, hata maandishi haya yanaanzia kulia. Yeye alianzia kushoto, kama walivyomfundisha shikoleni. Kushoto, upande wa msalani! Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauona uso wangu, akanikumbatia. Nikamwambia, mke mwenzangu (ndivyo tunavyotaniana), wewe huna kosa. Kosa ni la serikali.

Jumatatu, 9 Septemba

Mashaka kaja mwenyewe. Nasrin amepona, anashukuru. Kisha akasema alijua tangu kikohozi cha kwanza. Akasema pia aliona nilivyoila ile nyumba bila mtu kunikoholea, na hata Dauto hajaona mashine ikipigwa vile. Basi nije Jumatano nicheze kwa kichwa changu tu. Nikishinda, bao langu nirudi nalo.

Kwa kichwa changu tu! Huruma gani hii? Ananiona nimeishiwa kiasi hicho? Nikamjibu nakuja, na mjukuu wangu anakuja kutazama, ana macho kama watu wengine. Tena nikifungwa, achukue na kinu changu.

Kikohozi kimejulikana, basi chafya. Zuleica kabembelezwa mpaka kakubali. Tena kwa kunistahi akasema safari hii atahesabu kuanzia kulia, kama bibi yake. Roho yangu ikalainika kabisa. Mtoto kama huyu utamlipa nini? Nami nimeamua kimoyomoyo kumrudishia heshima: nitahesabu kuanzia kushoto, kama yeye.

Sijamwambia. Afurahi hukohuko mchezoni.