Shati la Mzee Paulin na Gauni la Hortense

Jumatatu, 6 Agosti 1962. Elisabethville.

Filamu ya arusi imerudi kutoka kusafishwa. Bluu! Yote bluu! Bibi arusi bluu, bwana arusi bluu, hata mbuzi aliyekuwa akingoja kuchinjwa, bluu. Nimeirudia nikidhani projekta imeharibika. Projekta ni nzima. Arusi ndiyo imeharibika.

Lawama ni za yule mwalimu Mzungu aliyeniuzia kamera siku Wazungu walipokuwa wanakimbia. Aliniachia makopo ya filamu za rangi, akasema bonne chance, yaani bahati njema, akaondoa gari. Juu ya kopo imeandikwa kwa Kifaransa kwamba filamu hii ni ya mwanga wa taa. Niliisoma, sikatai. Lakini jua ni nini kama si taa kubwa kuliko zote? Waliotengeneza filamu hii hawana akili.

Yaya Zabibu, dada yangu mkubwa, ameingia bila hodi. Chumba hiki cha studio ni chake, aliachiwa na marehemu mumewe, nami nimo kwa hisani yake tu. Ametazama ukutani akauliza kwa nini watu wote ni maiti. Kisha akasema, kwa utulivu ule wake unaonikera: familia zote mbili zikiridhika na sinema hii, nibaki. Hata moja isiporidhika, cherehani yake inaingia na mimi natoka. Dada wa tumbo moja!

Jumanne, 7 Agosti.

Dawa imepatikana! Watoto wa yaya wanakula peremende zilizofungwa kwa karatasi ya rangi ya chungwa, ile inayopitisha mwanga. Ukiiweka mbele ya jicho la projekta, bluu inapungua. Ukiongeza nyingine, inapungua zaidi. Watoto wamelia nilipowanyang'anya. Nimewaambia sinema inahitaji watu wa kujitolea.

Shida ni kujua pa kuishia. Lazima uchague kitu cheupe ndani ya picha, halafu uongeze karatasi mpaka kionekane cheupe kweli. Hapo ndipo alipochungulia dirishani Chomba, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja mjini akiuza samaki wa Kasenga na sasa anajifanya profesa. Ati nisifuate nguo za watu, nifuate ukuta wa saruji ulio nyuma yao. Saruji haina majivuno, anasema, ni kijivu basi. Nani huenda arusini kutazama ukuta? Nimefunga dirisha kwa nguvu. Bahati mbaya alitoa vidole mapema.

Mimi nimechagua shati la Mzee Paulin, baba wa bwana arusi, karani wa serikali, mtu anayebeba bendera ya Katanga kwenye kila gwaride. Hakuna shati jeupe kulishinda katika mtaa wetu mzima wa Kamalondo. Mkewe, Mama Simone, hulisuuza kwa ule unga wa bluu wa kufulia mpaka linaumiza macho. Nimebandika karatasi rundo zima kwenye kioo mbele ya projekta. Shati linang'aa!

Jumamosi, 11 Agosti.

Maonyesho sebuleni kwa Mzee Paulin. Shati limetokea, Mama Simone amepiga makofi. Nimeinama kidogo kushukuru.

Kisha akatokea Hortense, bibi arusi. Gauni njano! Njano ya meno ya mvuta tumbaku! Na nyuso za watu zote kama zimepakwa mawese. Mama Claudine, mama yake Hortense, amesimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikafunika arusi yote. "Asani, njo nini hii? Mutoto wangu njo muchafu, na huyu njo malaika? Balikupa nini?" Nimejibu kwamba ni filamu tu. Akasema filamu yenyewe haiwezi kujua nani ni wa upande upi. Hortense amelia. Mama Simone hakulia hata kidogo, alikuwa anatabasamu kwenye kanga yake. Wanawake wawili hawa sasa hawasemezani, na mimi nimekosa hata sahani ya wali.

Jumapili, 12 Agosti.

Sawa. Wanataka gauni, watapata gauni. Nimebandua karatasi nyingi mpaka gauni limekuwa jeupe. Mama Claudine amekuja mwenyewe kukagua, ameridhika. Gauni hilo nililiona kwa macho yangu mchana wa arusi, ni rangi ya maziwa, si jeupe. Lakini nani atamwambia? Si mimi. Ng'ambo, Chomba amepiga kelele: saruji! Nimetundika blanketi dirishani.

Jumanne, 14 Agosti.

Maonyesho ya pili kwa Mzee Paulin. Wamenirushia mto wa kiti. Mimi, msanii!

Gauni lilikuwa jeupe, nakiri kwa fahari. Ndipo Mzee Paulin akaingia kwenye picha. Shati bluu! Tena si bluu yoyote, ni bluu ya kofia za ONU, askari wa Umoja wa Mataifa! Katika mji huu, mwaka huu, watu hawajasahau mabomu yao ya mwezi wa kumi na mbili! Jirani mmoja amemuuliza mzee anaanza lini kazi ya doria. Mzee amenigeukia. "Asani, unanivalisha ONU mu nyumba yangu?"

Mama Simone amekasirika kuliko mumewe, maana sasa kila mtu ameona ni unga kiasi gani anautia kwenye maji ya kufulia. Ameapa hatii hata chembe. Kosa langu liko wapi? Niliwafulia mimi?

Nimerudi nikamkuta Yaya Zabibu anapima ukuta wa studio kwa utepe wake. Sina pengine pa kwenda.

Jumatano, 15 Agosti.

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili kubwa. Katika filamu Hortense yuko upande wa kushoto, Mzee Paulin upande wa kulia. Basi kioo kimoja, nusu mbili! Kushoto karatasi chache, kulia rundo. Gauni jeupe na shati jeupe kwa pamoja! Nimetazama mwanzo wa filamu, inakubali kabisa. Sehemu ya mwisho sikuitazama, arusi ile naijua, niliipiga mwenyewe.

Chomba ameuliza itakuwaje wakibadilishana pande. Nimemwambia arudi kwenye samaki zake.

Jumamosi, 18 Agosti.

Nimewabembeleza wote warudi. Ngazi za kanisa: safi. Chakula: safi. Mama Claudine na Mama Simone, kila mmoja kona yake, wametikisa kichwa kukubali. Hata Yaya Zabibu amelegeza uso. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kisha dansi. Hortense na baba mkwe wake, katikati ya uwanja. Wamezunguka! Gauni njano, shati ONU. Wamezunguka tena, vyote vyeupe. Tena, njano na ONU. Katikati, Hortense nusu safi, nusu mchafu. Mzee Paulin anajiunga na ONU, anajiuzulu, anajiunga tena, na wimbo hauishi! Wageni wameanguka kwenye viti kwa kicheko. Mzee amezima taa ya projekta kwa kofia yake.

Nimetolewa nje. Mama Claudine na Mama Simone wameusukuma mlango pamoja, bega kwa bega, kunifungia. Sasa wanapatana, washenzi wakubwa!

Jumapili, 19 Agosti.

Cherehani imeingia. Kamera, projekta na mimi tuko barazani. Nimelia, kwa hasira tu. Yaya ameniletea chai. Nimeinywa kwa hasira pia.

Chomba amekuja kunipa pole. Ameniuliza polepole, kama anaongea na mgonjwa, kama sasa nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Nimemjibu nimeelewa vizuri sana, na ni kweli. Nimewaza tangu asubuhi. Filamu haina kosa. Kioo hakina kosa. Na makopo ya filamu ileile bado ninayo.

Mukuka, fundi baiskeli, anaoa Jumamosi ijayo. Nimeshamwahidi kupiga sinema yote, mchana juani. Sharti langu ni moja, naye amelikubali: hakuna kucheza dansi.