Subira Yangu na Hisa za Sabuni

Jumatatu, 3 Machi
Asante Mungu, sasa mimi ni mwekezaji! Mimi na mama mkwe tumenunua hisa za kiwanda cha sabuni, kwa majina yetu mawili. Ni fedha za chuo cha binti yangu, ambaye bado yuko darasa la sita. Nimeapa mbele ya familia: hatuzigusi mpaka amalize sekondari. Mwekezaji wa kweli hasikilizi redio, anatazama miaka. Mama mkwe akauliza tu kama wanahisa hualikwa mkutanoni. Nikamwambia ndiyo, kila mwaka, na chakula juu. Akaenda kutoa kitambaa kabatini.

Jumanne, 4 Machi
Nimesikiliza redio. Mara moja tu! Mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni amejiuzulu, bei imeporomoka. Kinyozi wangu aliuza zake papo hapo, simu mkono mmoja, wembe mkono wa pili. Akanishauri nikimbie. Nikakimbia, nusu ya ndevu usoni. Wakala wa hisa, mama mwenye adabu sana, akaniambia hisa za pamoja huuzwa kwa saini mbili. Namshukuru kwa kunipa kiti.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe amekataa kusaini. Nilimweleza hali ya soko kwa upole, kisha kwa kupiga magoti. Akauliza kama watu wameacha kuoga. Nikasema hapana. Akasema basi, gauni la mkutano limeshakatwa kwa fundi na haendi kulirudisha. Chuo cha mwanangu kinategemea gauni!

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimetumia akili. Nikampelekea karatasi ya kuuzia, nikadai ni ya kuthibitisha kwamba atahudhuria mkutano. Akavaa miwani. Akasoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Hakunigombeza. Aliikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nakiri, supu haimwagiki tena. Nashukuru kwa hilo.

Alhamisi, 13 Machi
Bei imerudi! Imepita hata tuliyonunulia! Mkurugenzi mpya kapatikana, na kumbe mauzo hayakupungua hata mche mmoja. Nilitaka kumkumbatia mama mkwe, heshima ikanizuia. Nikamshika mikono, machozi yakanitoka. Ameokoa chuo cha mjukuu wake. Akaniomba nisimlowanishie gauni. Kinyozi amenuna. Nilimweleza kirefu faida za subira huku ananinyoa. Haikuwa busara, sikio linauma.

Jumapili, 16 Machi
Mkutano ulikuwa jana. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, akampigia makofi hata mkaguzi wa hesabu. Nilimtazama, moyo ukajaa. Wangapi wana mkwe kama huyu? Nimemshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa kunifundisha subira. Somo limeingia damuni.

Leo asubuhi redio imesema hisa za kiwanda cha magodoro zimepanda maradufu kwa wiki moja. Maradufu! Na watu hawawezi kuacha kulala! Kesho tunauza sabuni yote, tunanunua magodoro, na hayo hatuyagusi mpaka mtoto amalize chuo chenyewe. Nilidhani mama mkwe atanisumbua. Wala! Amesema siku hizi nimetulia, ananiamini. Ametia saini bila hata kusoma.