Kiingereza kwa Mafungu

Jumatatu, 9 Machi 1998

Mwezi unang'aa kama taa ya hospitali. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hawafuati tena taa za wavuvi, mitumbwi imelala ufukweni, na wanafunzi wangu hawana kitu mfukoni. Darasani vimebaki viti. Hizi siku za mwanga zinaniua kuliko vita yenyewe!

Lakini leo nimepata akili. Sokoni ndagala huuzwa kwa mafungu. Kwa nini si Kiingereza? Nimekikata vipande. Daraja la kwanza, herufi. La pili, siku na miezi. La tatu, matunda. La nne, sentensi za kuombea kazi. Kila daraja na malipo yake. Hicho Kiingereza nilikipata Mpulungu, Zambia, nikibeba saruji bandarini. Kilinitoa jasho. Simpi mtu bure.

Jumanne, 10 Machi

Mama Exaucé, mwanafunzi wangu, amekuja na chupa ya mawese. Amesema ndiyo ya mwisho. Michikichi yake iko Kizuka, na askari hawaruhusu mtu kwenda kuvuna. Mumewe aliuawa mwaka jana kwenye barabara ya Gitaza. Sasa wazungu wanaogawa chakula wanatafuta mpishi atakayeelewana nao kwa Kiingereza. Ijumaa atahojiwa. Akaniomba, kwa heshima kabisa, Mwalimu, nifundishe tu kusema mimi ni nani na ninajua kupika nini.

Haki ya Mungu, hiyo ni kazi ya asubuhi moja! Mdomo ulishafunguka. Kisha nikawaza: akijua leo, kesho atarudi kutafuta nini? Nikamjibu kwamba sentensi hizo ni za daraja la nne, naye yuko la pili. Akashukuru, murakoze, akakaa, akaanza na Januari.

Jumatano, 11 Machi

Hasira! Rashad wa duka la sabuni, yule ambaye wazee wake walitoka Omani, ametangaza kwamba anayenunua sabuni kwake anafundishwa Kiingereza palepale dukani. Kiingereza cha nyongeza, kama pipi! Eti alisoma Muscat.

Nami nikatangaza: atakayeonekana kwa Rashad hapati cheti changu. Vyeti vyenyewe bado sijavipiga chapa, lakini watu wameogopa. Mama Exaucé akakiri kwamba Rashad alikuwa tayari kumfundisha hata bila sabuni. Nikamkazia macho. Akaahidi hataenda. Nimeshinda! Nimepika wali kwa yale mawese.

Ijumaa, 13 Machi

Mzungu alimuuliza amewahi kupika wapi. Mama wa watu akamtajia miezi yote ya mwaka, Januari hadi Desemba, bila kosa. Nilipohadithiwa niliona fahari kidogo. Sijui kwa nini. Mzungu akamshukuru, akamwita mwingine, na kazi ikaenda kwa huyo mwingine.

Jioni amepita kuniaga. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana! Amesema anawachukua watoto, wanapanda mtumbwi kwenda Kigoma. Nikamsihi asubiri siku za giza, kwa mwanga huu askari wa ziwani wanaona hata kopo likielea. Akajibu kwamba giza liko mbali, na nyumbani hakuna unga wa leo.

Jumapili, 15 Machi

Jana alfajiri risasi zilisikika ziwani. Mtumbwi ulikuwa umeshaondoka, na Mama Exaucé na watoto wake walikuwemo. Hakuna anayejua kama walifika. Kanisani nimelia mpaka pasta akasimamisha mahubiri. Nje Rashad alikuwa akinisubiri, akaniambia mbele ya watu wote, ndugu Lukeba, yule mama alikuomba sentensi mbili tu. Nimeona aibu, aibu ya kweli, na njia nzima nimetembea nikitazama miguu yangu.

Mlangoni nimekuta watu wananingoja. Wamejaa hofu. Nao wanataka kuvuka, na wanaomba wafundishwe kuwaeleza wazungu wa kambi ya wakimbizi kule Kigoma walichokimbia. Baba mmoja ameshika kuku. Akauliza kama anaweza kujifunza hilo tu, leo hii.

Nimemtazama yule kuku. Nimemfikiria Mama Exaucé, maskini, na nimeelewa alipokosea: alikuwa na haraka. Nimewaambia kuomba hifadhi ni daraja la tano. Kesho tunaanza na herufi.