Mashine Nyeusi na Pete ya Mzee

Jumapili, 28 Septemba

Nimekwisha. Sina njia nyingine ya kuliandika jambo hili. Kidole kitupu. Pete imepotea.

Ingekuwa pete ya dukani ningenunua nyingine na kufunga mdomo. Lakini hii ni ya marehemu baba mkwe. Alipofariki, mama mkwe aliivua kidoleni mwake akanipa mimi, siyo wanawe. Akanishika mkono mbele ya ukoo mzima. Sasa mke wangu Pamela yuko Kisumu, na Jumapili ijayo anarudi Kigali pamoja na mama yake. Mama hatalala kwangu, kwa kuwa kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumba ya mkwewe. Atalala kwa binamu yake, mtaa wa Gatsata. Ila atapita hapa Gikondo kunywa chai, na kitu cha kwanza atakachoangalia ni kidole hiki.

Chanzo ni kiherehere. Jana ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tulikuwa tunachimba mtaro wa maji ya mvua. Mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, Bi. Gahongayire, akamsifu jirani yangu Zephaniah mbele za watu kwa kushika jembe vizuri. Mimi hakunitaja. Nikaona nimwoneshe jembe linavyoshikwa. Pete ikawa inanibana. Nikaivua, nikaiweka juu ya jiwe, mahali wazi kabisa, ili nisiisahau.

Jiwe lilichukuliwa kujengea ukingo wa mtaro. Sijui hata ni jiwe lipi! Udongo ukasawazishwa, na juu yake Gahongayire akaagiza zipandwe nyasi za mapambo kwa ajili ya mashindano ya usafi. Atakayeng'oa jani moja atamjibu yeye.

Siwezi kuchimba. Siwezi kusema. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma, na jibu ni moja: mashine ya kutafuta metali. Watu wakiuliza, ni burudani yangu mpya. Wengine wanacheza gofu.

Jumatatu, 29 Septemba

Ofisini Kiyovu sikugusa kazi. Nimetazama video za wanaoanza burudani hii. Wazungu wenye kofia, wanatembea shambani, mashine inalia, wanachimba, wanapata sarafu za wafalme. Wote wanasema neno moja: anayeanza anunue mashine ndogo, rahisi, ajifunze sauti zake, achimbe kila inapolia. Ushauri wa watu wasio na haraka.

Njeri wa mapokezi, Mkenya mwenzangu, alichungulia skrini yangu akataka kujua. Nikamweleza kidogo. Akaniambia nimpigie Pamela nimwambie ukweli leo hii. Nikamshukuru. Watu hutoa ushauri rahisi kwa matatizo yasiyo yao.

Saa ya chakula nikapata wazo. Kila mlango wa Kigali una mlinzi mwenye kile kifimbo cha kupitisha mwilini. Kwa nini ninunue? Nikamwendea Mugabo, mlinzi wetu, nikamuuliza kwa upole kifimbo chake kinaona vitu vidogo kiasi gani, kinashindwa na nini, na kama kinaweza kutoka nje ya jengo bila mtu kujua.

Nimetumia mchana wote nikijieleza kwa mkuu wa ulinzi. Mkoba wangu ulimwagwa mezani. Kesho nitapita mlango wa nyuma, na huko pia watanipekua.

Jumanne, 30 Septemba

Nimenunua! Hapa hapa Gikondo, kwenye duka la Sangwa, anayeuza kengele za milango na vyombo vya mafundi. Alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ndogo, ya manjano, kitufe kimoja, inalia au hailii. Ya pili nyeusi, ndefu, ina skrini yenye picha: msumari, kizibo, karatasi ya bati ya kufungia chakula, sarafu. Unachagua mwenyewe unataka isikie nini na ipuuze nini.

Nilikuwa nashika ile ya manjano, kusema kweli. Mfuko ulikuwa unanivuta huko. Ndipo akaingia nani? Zephaniah, kununua mpira wa maji. Huyu bwana alikulia Uganda na hakuna kitu duniani asichokijua. Akaitazama, akasema ile ndogo inatosha sana kwa mtu anayeanza.

Nikachukua nyeusi papo hapo. Akiba ya Krismasi yote imebaki kwa Sangwa. Alinipiga picha nikiwa nayo begani, akaniaga kwa furaha kubwa. "Hii iko nzuri sana, mzee. Inajua yenyewe kitu gani iko chini."

Zephaniah akanunua mpira wake, akatoka. Kisha nikamwona amerudi dukani. Sijui alisahau nini.

Jumatano, 1 Oktoba

Maskini mimi. Nimeijaribu uani kabla ya kazi. Ililia mlangoni. Ililia kwenye kamba ya nguo. Ililia kila nilipoweka mguu. Nikachimba, nikapata nati. Nikachimba tena, bolti. Kisha springi ya gari, nusu ya spana, kipande cha ekzosi, na vizibo vya bia vya kutosha harusi. Nilisahau kwamba kabla ya nyumba hizi eneo lote lilikuwa gereji. Gikondo haina udongo. Ina vipuri vilivyofunikwa vumbi.

Béatha, jirani wa upande wa pili, alisimama ukutani kwake akitazama. Akauliza kwa heshima kama nimefukuzwa kazi.

Jioni nikakumbuka zile picha za skrini. Nikazima msumari. Kelele zikapungua. Nikazima kizibo. Afadhali. Nikazima karatasi ya bati, na vipicha viwili vidogo nisivyovielewa, kwa sababu vilikuwa vinanichosha. Nikabakiza sarafu kubwa peke yake. Dhahabu ni kitu cha thamani, lazima iko huko juu na sarafu kubwa, siyo chini na takataka.

Kimya! Nimezunguka ua mzima, haijalia hata mara moja. Hatimaye mashine inayomwelewa mwenye nayo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimepita juu ya nyasi za mtaro asubuhi, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kimya. Nikarudi. Kimya. Nilikuwa karibu kulia pale pale barabarani.

Nikasikia mtu anakohoa. Gahongayire, amefunga mikono. Akataka kujua ninatafuta nini kwenye nyasi za mudugudu. Ulimi ukanitangulia. Nikasema najitolea kukagua kama kuna mabomba ya maji chini, maana mtaa wetu hauna ramani yake.

Uso wake ukalainika ghafla. Mwaka mzima amekuwa akiomba mtu wa kufanya hivyo. Akanipiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mudugudu, na maelezo marefu kuhusu raia wa mfano kutoka Kenya. Mikono ya makofi ikamiminika. Pamela yumo kwenye kundi hilo. Akaweka moyo mwekundu. Kisha akaniandikia peke yangu kwamba amemwonesha mama, na mama amesema mzee angejivunia.

Nilikwenda kukaa chooni kidogo.

Zephaniah ndiye pekee ambaye hakupiga makofi. Yuko mlangoni kwake na mashine ya manjano. Amenunua! Hiyo ndiyo sababu alirudi dukani. Ameniiga waziwazi, halafu ananisalimia kama kawaida.

Ijumaa, 3 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote, na wiki hii ina ushindani.

Gahongayire anataka kusimika nguzo ya bango la mashindano ya usafi kando ya mtaro. Akaniita, kama mtaalamu, nithibitishe kwamba hakuna bomba. Nikapitisha mashine mbele ya kadamnasi. Kimya kabisa. Nikatangaza kwa sauti ya ofisini kwamba mahali ni salama.

Zephaniah akashika sururu. Kabla hajaiinua akanisogelea, akasema polepole ili wengine wasisikie: "Bosi, hii mashine yako umeifunga masikio. Fungua kwanza ile ya msumari." Nikamjibu kwamba sikumwomba somo.

Akapiga sururu mara moja. Maji yakaruka juu ya bango, juu ya nyasi, juu ya Gahongayire. Bomba la chuma, la zamani, nene kama mkono wangu. Nyasi za mashindano zimesombwa hadi barabara ya chini. Gahongayire alisimama analowana, akilipangusa bango kwa kiganja. Ningependelea angenitukana.

Mtaa hauna maji. Picha yangu imeondolewa kwenye kundi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Foleni ya madumu imepita mbele ya dirisha langu tangu asubuhi. Nimefunga pazia. Béatha alipiga hodi kuuliza kama raia wa mfano anaweza kumbebea dumu moja. Nilibeba. Nilibeba na la shangazi yake.

Mafundi wameziba bomba kwa muda, udongo wa mtaro umebaki wazi, matope matupu. Nikajipa moyo nikatoka na mashine. Kimya kile kile. Zephaniah naye alikuwepo na kimanjano chake, kinalia kama mbuzi aliyefungwa. Kila kinapolia anapiga magoti, anachimba na kijiko cha bustani, anatoa kizibo, anakitia ndooni. Kizibo kingine, ndooni. Mtu mzima! Nilimcheka mpaka nikajisikia nafuu kidogo.

Nimekata tamaa na pete. Sasa ni bandeji. Nimefunga kidole cha pete na cha jirani yake pamoja, vizuri, na alama ya dawa nyekundu juu. Nitasema nilibanwa na mlango wa ofisi. Hakuna mtu mwenye adabu anayefungua bandeji ya mwenzake.

Jumapili, 5 Oktoba

Nilisahau kwamba mama mkwe alikuwa nesi miaka yote ya ujana wake.

Walifika mchana. Akakaa mbali na mimi kama desturi inavyotaka, akakataa chakula mbele yangu, akakubali maji. Akaona bandeji. Akasema imefungwa vibaya, damu haipiti, na mkwe au si mkwe, kidole hakiwezi kuachwa kife kwa ajili ya adabu. Pamela akanishika mkono, mama akaelekeza, bandeji ikafunguliwa. Kidole kizima, kizuri, na duara jeupe mahali pa pete.

Nikasema yote. Jiwe, mtaro, mashine, bomba. Sikuweza kumtazama. Mama mkwe aliikunja ile bandeji taratibu kwenye goti lake kana kwamba itatumika tena.

"Mzee alilima na hiyo pete," alisema mwishowe. "Alioga nayo. Alilala nayo hospitali. Hakuivua hata siku moja, na mkono wake ulikuwa mnene kuliko wako."

Nililia. Mbele ya mama mkwe! Sijali nani atasoma hapa.

 Pamela alikuwa anatazama simu yake. Akainyoosha kwetu: kundi la mudugudu, ujumbe wa Gahongayire, picha ya ndoo imejaa vizibo na juu ya vizibo pete nyembamba ya dhahabu. Imepatikana kwenye matope ya mtaro na ndugu Zephaniah, mwenyewe ajitokeze.

Zephaniah hakusubiri nijitokeze; alikwisha kuona kidole changu kitupu. Aliileta mwenyewe, ameiosha kwa maji ya dumu. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba pete ndogo ya dhahabu mashine huisikia karibu sawa na kizibo na karatasi ya bati, kwa hiyo anayezima takataka anazima na pete. Mama mkwe akamwambia akae. Alikaa kwenye kiti changu, wakazungumza juu ya kilimo cha mtama mpaka jioni. Mbele yake mama alikula. Sahani mbili.

Pamela alinivalisha pete mwenyewe. Alisema nikiivua tena nimtafute kwa ile mashine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepumzika, na leo nayaona mambo kwa utulivu. Sangwa amekataa kuichukua mashine. Amesema imeshapata matope. Vizuri, kwa sababu haina kosa. Tatizo ni koili, ile sahani ya chini inayonusa metali. Video zote zinasema koili kubwa inaona mbali zaidi, na Sangwa anayo moja. Ningekuwa na koili kubwa, hata nikizima takataka zote, ingeiona pete kabla ya yule bwana na kijiko chake.

Nataka kuthibitisha tu, kisha nimwoneshe Zephaniah. Sangwa ameniazima koili mpaka jioni. Ila jaribio lazima lifanywe na dhahabu halisi, na nyumba hii ina dhahabu moja.

Pamela yupo jikoni. Ni dakika chache tu. Nimeizika uani, karibu na sukuma wiki, siyo ndani sana, na juu yake nimeweka jiwe kubwa ili nisipasahau. Nimeingia ndani kufunga koili.

Skrubu yake inasumbua. Nasikia toroli uani. Ni Zephaniah na wenzake, wanaujenga upya ule mtaro nilioharibu, na Pamela anawaambia kwa sauti ya ukarimu kwamba mawe yetu wachukue yote.