Rudisheni Mtu wa Nyuma ya Mwanangu

Qurus, kupitia Parokia ya Karatu,
19 Desemba, 1981.

Kwa Padre Polycarp,
Mkuu wa Shule ya Wavulana ya Mtakatifu Kasiani.

Padre Mkuu, Tumsifu Yesu Kristo.

Natumaini wewe na walimu mmeumaliza mwaka salama. Sisi hapa Qurus hatujambo, ila heshima yangu ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe umetoka shuleni kwako ndani ya bahasha.

Mimi ni Piusi Hhando, balozi wa nyumba kumi, mkulima wa ngano na maharage, baba wa Clemensi wa Kidato cha Pili. Mwezi wa sita mlimrudisha nyumbani akiwa wa arobaini kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Nilishukuru. Nilichinja kondoo. Majirani waliponiuliza furaha ni ya nini, niliwajibu kwamba mwanangu ana mtu nyuma yake, na mwenye mtu nyuma yake hawezi kuitwa wa mwisho. Hakuna aliyebisha, maana walikuwa bado wanakula.

Jumatatu iliyopita Clemensi alirudi na ripoti ya mwisho wa mwaka. Bila wasiwasi wowote niliipeleka duka la kijiji, ambako watu walikuwa kwenye foleni ya sukari, nikamwomba Ndugu Elisaria, muuza duka, aisome kwa sauti. Akasoma: "Nafasi: arobaini. Kati ya: arobaini." Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mama Germana, jirani yangu, akauliza, "Sasa nyuma yake yuko nani?" Elisaria akaigeuza karatasi, akaangalia upande wa pili, akasema, "Nyuma yake kuna ukuta."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanangu hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwezi wa sita alikuwa na wastani wa thelathini na moja. Sasa ana thelathini na sita. Amesimama palepale kwenye arobaini yake kama askari wa zamu. Waliosogea ni nyinyi.

2. Nilimhoji Clemensi. Akasema aliyekuwa nyuma yake ni Moringe, mtoto wa Mzee Saruni wa Engaresero. Mwezi wa tisa aliitwa nyumbani kwa sababu ya ukame, akasaidie kuhamisha ng'ombe, na hakuonekana tena. Nikauliza shule ilifanya nini. Akasema mliandika barua. Padre, hapa Qurus ndama mmoja akipotea, nyumba zote kumi zinatoka na fimbo mpaka apatikane. Nyinyi mmepotelewa na mwanafunzi mzima, tena wa muhimu kama yule, mkanunua stempu.

3. Kazi yangu ya ubalozi imeharibika. Nilipowaita watu wachimbe mtaro wa barabara, Mama Germana alisema, "Watangulie wa kwanza, sisi watu wa Hhando tutafika mwisho." Wakacheka, wakaenda mashambani kwao. Mtaro haukuchimbwa. Mvua ya Alhamisi imepita ndani kwa katibu kata, ikatoka na viatu vyake. Chama kikiuliza, nitawaonyesha ripoti yako.

4. Mwalimu wa darasa ameandika: "Anayo nafasi ya kupanda." Jambo hilo hata punda wangu analijua.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika tu, nilichukua hatua. Jumatano mimi na Clemensi tulikwenda mpaka Mto wa Mbu, na kutoka hapo tukapanda lori lililokuwa linapeleka dawa ya josho Engaresero. Vumbi la njia ile nimerudi nalo. Mke wangu Katarina bado analikung'uta. Tulimkuta Mzee Saruni akinywesha ng'ombe waliobaki, mbavu zao zikionekana moja moja. Nikajitambulisha, nikaeleza shida yangu. Akanitazama, akasema, "Babu zetu walifuatana kwa mikuki kugombea ng'ombe. Wewe ndiye Mmbulu wa kwanza kuja hapa kutafuta mtu aliyeshika mkia."

Nikamweleza kwamba mwanawe ni nguzo ya darasa. Akacheka hadi akaegemea fimbo. Kisha akaacha kucheka.

"Barua ya Padre niliiona," akasema. "Ilisema mtoto arudi shuleni. Haikusema kwamba kuna mtu anamtaka."

Padre, nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa maneno yale. Nilipogeuka nikamwona Clemensi ameshamfikia Moringe kule kwenye mbuzi, wameshikana mikono, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Mzee Saruni naye aliwaona. Akasema mvua zimeanza kunyesha, ng'ombe wamebaki wachache, na wadogo zake Moringe wanawatosha.

"Mchukue," akaniambia. "Kwenu kuna maziwa?"

Nikasema yapo.

Hivi sasa Moringe yuko kwangu. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, mumpokee Januari aendelee na wenzake.

Pili, ripoti ya mwanangu iandikwe upya, arobaini kati ya arobaini na mmoja, ipigwe muhuri, niipeleke isomwe siku ya foleni.

Tatu, mkimkataa Moringe, mniandikishe mimi. Nina cheti cha elimu ya watu wazima, hatua ya nne. Kiingereza sijui, kemia sijawahi kuiona. Naahidi kushika mkia kwa uaminifu mpaka Kidato cha Nne, na godoro nitakuja nalo.

Wasalimie mapadre wote, walimu, masista wa zahanati, na Bwana Metui mpishi. Clemensi anasema maharage ya mwaka huu yalikuwa na mawe machache kuliko ya mwaka jana, apongezwe. Katarina anakusalimu.

Ni mimi, mzazi wa mwisho katika orodha yako, lakini si kwa sauti,

Piusi Hhando.

Tanbihi, Jumapili: Padre, barua hii ilikuwa bado haijafungwa. Leo baada ya Misa Katarina, ambaye hufundisha kisomo hapa kijijini, amewapa watoto wote wawili maswali kumi kutoka kwenye mtihani wenu wa hesabu. Clemensi amepata manne. Moringe, ambaye hajashika kalamu tangu mwezi wa tisa, amepata manane. Kumbe mwezi wa sita alishika mkia kwa sababu alichelewa kwa kukosa gari, akakuta mitihani mitatu imeshapita. Nimemwuliza Clemensi kwa nini hakunieleza. Amenijibu kwa adabu, "Baba, uliuliza alikuwa wa ngapi. Hukuuliza kwa nini."

Maana yake nimesafiri siku mbili kwenda kumleta mtu atakayempita mwanangu. Ombi la pili na la tatu nayafuta. La kwanza lisiguswe. Wako hapo nje wamekaa kwenye gogo, Moringe anamweleza mwanangu asilimia kwa kutumia ng'ombe wa kwao waliokufa na waliobaki. Clemensi anaelewa. Hata mimi nimeelewa, ingawa sikutaka.