Tanga Isiyobisha Hodi

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo nimerejea rasmi kwa umma. Chuo kimenisimamisha muhula mzima kwa kuongoza mgomo wa maharage. Historia itanisafisha. Shangazi, kwa bahati mbaya, hana subira na historia. Amenitangazia, mwiko mkononi, kwamba nisipopata kazi ya maana kufikia Jumapili nitapelekwa Maramba kwa Ami Kombo nikalime mihogo. Mihogo! Mimi, niliyemnyamazisha Mshauri wa Wanafunzi mchana kutwa!

Jioni, wokovu. Mzee Nawaf, mwenye nyumba ya wageni kule Raskazone, anatafuta mtu wa kuwatembeza wageni wake waione Tanga ya ndani, ile isiyoonekana barabarani. Nimekwenda, nimemwamkia shikamoo, nimemhutubia. Akaniomba nipunguze sauti, mkewe amelala. Kazi ni yangu.

Jumanne, 9 Julai

Si yangu. Yupo mshindani: Bi Anjela, mzungu wa Ngamiani, miaka ishirini hapa mjini. Kila mmoja atawatembeza wageni watano, yeye Alhamisi, mimi Jumamosi, kisha Mzee Nawaf achague.

Je, mwana wa Tanga aonyeshwe Tanga na mgeni? Hata kidogo! Asubuhi nimeandika hotuba ya kurasa nne juu ya Wajerumani, reli na mkonge. Alasiri nimemkabili Bi Anjela mbele ya kijiwe kizima cha kahawa na kumtaka aueleze umma babu zake walifanya nini katika nchi hii. Akasema hawakuwahi kufika. Wao ni Wafini, walikuwa kwao wakivua samaki chini ya barafu. Yeye mwenyewe alikuja kuhesabu vyura katika msitu wa Amani, akashuka mjini, hakuondoka tena.

Ufini haikututawala! Kijiwe kimecheka hadi kashata zikawapalia. Kurasa nne nimezihifadhi. Huenda akatokea Mjerumani.

Alhamisi, 11 Julai

Nimewafuata kwa siri, kwa baiskeli ya shangazi. Mbinu za Bi Anjela ni za kusikitisha. Hotuba hakuna hata moja! Anakaa barazani kwa watu, anauliza hali ya mguu wa Bi Mwanamkasi, anakatiwa mkate wa kumimina. Barabara ya Kumi amebisha hodi mara tatu kwenye mlango uliokuwa wazi. Ndani wanawake wanacheka, nimewasikia. Hakuna aliyeitikia. Basi akageuka na wageni wake, akaondoka! Ndipo mwenye nyumba akatoka mbio: "We Bi Anjela, hebu rudi, nilikuwa najifunga leso!" Wageni wa kike wakaingizwa uani, wa kiume wakaletewa kahawa barazani. Wamekaa humo mpaka nikasinzia juu ya baiskeli. Wametoka na vikuba, vile vishada vya asumini, wanameremeta.

Somo liko wazi kwa kila mwenye akili: hodi ni kizuizi. Ni pasipoti iliyobuniwa na makabaila ili umma usimamishwe mlangoni pa umma. Jumamosi sitabisha.

Ijumaa, 12 Julai

Ilani imekamilika. Tanga ya kweli haiko barazani, iko uani! Na ua ninaoujua kuliko wote ni wa shangazi. Wiki nzima unanukia udi. Wakati wa chakula shangazi alikuwa akinieleza jambo, kitu kuhusu binti yake Asmahani, na uani, na kesho, na wanaume. Nilitikisa kichwa kwa heshima. Nilikuwa natunga utangulizi.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike kwa utulivu. Saa nne nimesimama mlango wa nyuma na wageni watano, pamoja na Mzee Nawaf aliyekuja kunipima. Nikatamka: "Ndugu zangu, milango ya watu ni mali ya watu!" Nikasukuma.

Ua umejaa wanawake. Nyuso zote zimepakwa liwa, ile rojo ya msandali, kanga zimefungwa kwa kupunga upepo. Katikati Asmahani, bibi harusi wa wiki ijayo, ambaye siku hizi haruhusiwi kuonwa hata na jua, anasuguliwa mwili kwa singo ya manukato. Wote wakanigeukia. Hadhira kamili! Nikaanza hotuba.

Mwiko wa kwanza ulikuwa wa shangazi. Sinia sijui lilikuwa la nani. Bi Mastura, somo anayemfunda bibi harusi, alinimwagia bakuli la liwa akiuliza kama huko chuoni ndivyo tunavyoingia mabwenini kwa wasichana. Mzee Nawaf alikuwa amekwisha kugeukia ukuta, kofia usoni, akiomba radhi. Uso mmoja kati ya nyuso zile ukapaza sauti: "Nawaf! Na wewe umo?" Mkewe.

Uso mwingine, nao umepakwa liwa, ukaninyooshea kitambaa nijifute. Macho ya kijani. Bi Anjela! Alialikwa. Na alibisha hodi.

Jumatatu, 15 Julai. Maramba

Wapinga mabadiliko wamefaulu kwa muda. Bi Anjela amepewa kazi. Mimi nimepewa jembe. Nimemhutubia Ami Kombo juu ya mgawanyo wa kazi. Akanijibu kwamba mihogo haijawahi kupaliliwa kwa maneno, baba, shika mpini.

Hata hivyo nimejihoji kwa ukali unaompasa mwanamapinduzi, na kosa langu nimelipata: niliingia na watu wachache mno. Umma ukiwa mkubwa, miiko haitoshi.

Nimemwandikia Mzee Nawaf kumpendekezea ziara ya Maramba ya Ndani. Kituo cha kwanza ni kwa jirani yetu, Bi Khadija. Tangu asubuhi uani kwake kunanukia udi na vicheko vya wanawake havikatiki. Mlango wa nyuma, nimechunguza, hauna komeo.