Breki za Harusi ya Immakulata

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Kasulu.
Harusi ya mdogo wangu Immakulata ni Jumamosi. Nimeapa mbele ya ukoo mzima: nitampeleka Kibondo kwa mumewe mimi mwenyewe, kwa pikapu yangu. Nurudini wa duka la spea alijitolea Landrova yake. Nikakataa! Tangu aiite pikapu yangu toroli, sikanyagi dukani kwake. Tatizo moja: mafuta ya breki yamepungua, na anayeuza ni yeye peke yake. Akili ni mali. Nimechota mawese jikoni kwa mama, nikayachuja kwa kitambaa, nikajazia. Mafuta ni mafuta.

Jumanne, 5 Agosti.
Asubuhi baridi kali. Nimefuata ndizi za pombe ya harusi Heru Juu. Kurudi, gari zito, utadhani linaburuta gogo. Gurudumu la mbele linafuka moshi! Mke wangu Esteri kasema ananusa maharage yanaungwa. Nikamwambia ana njaa.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimegundua! Handibreki. Nimekata waya wake. Sasa gari halisogei na handibreki halina. Nurudini akapita, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu nalipumzisha kabla ya safari. Immakulata akasikia, akaingia ndani kulia. Hilo limeniuma.

Ijumaa, 8 Agosti.
Esteri kamleta mzee Ntirampeba, fundi, bila kuniuliza. Akainua gari kwa jeki. Gurudumu likagoma kuzunguka. Akalegeza nati ya kutolea upepo, likazunguka! Akaeleza kwamba mafuta yanakwenda kwenye gurudumu ila hayarudi. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Akachovya kidole, akanusa, akanitazama.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "hii ni breki au ni sufuria ya maharage?"

Yameganda, mekundu, na raba zote za ndani ya breki zimevimba kwa mawese. Raba mpya ziko kwa Nurudini tu. Nikasema afadhali bibi harusi atembee. Esteri akaenda dukani. Nurudini kampa raba na mafuta bure, eti zawadi ya Immakulata. Mtu mbaya sana! Fundi kasafisha mabomba kwa spiriti, kafunga raba, katoa upepo. Gurudumu linazunguka ukiligusa kwa kidole.

Jumamosi, 9 Agosti. Kibondo.
Tumefika! Wanawake wanaimba nyuma, vumbi hadi kwenye meno, Immakulata anacheka njia nzima. Breki zinashika, zinaachia. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Handibreki ni jiwe, na mshika jiwe ni Esteri. Karamuni nilisimulia jinsi nilivyotengeneza breki. Esteri alikohoa sana.

Jumapili, 10 Agosti. Kasulu.
Klachi inagoma. Kikopo chake cha mafuta kimekauka. Nurudini kanipungia mkono kutoka dukani, kwa dharau. Sikanyagi pale! Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu, na nimelielewa: mawese huganda kwa baridi. Mafuta ya alizeti hayagandi. Mama kayaficha mawese yake yote. Chupa ya alizeti kaisahau mezani.